Mama Spea na Ukuta wa Kiwandani

Wanawake wa rika lake waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Fulani na Mama Nani. Yeye Mungu hakumjalia mtoto, hivyo kwa miaka ishirini na tisa watu walimwita Mama Spea.

Aliyempa jina hilo ni dereva mmoja wa lori. Alifika kaunta na kipande cha chuma kilichovunjika, hana namba yake, hana jina lake, hajui hata kimedondoka kutoka wapi. Mama aliyekaa nyuma ya dirisha akakipokea, akakigeuza mara mbili, akapitisha kidole pale kilipokatikia. "Hiki ni cha sanduku la gia, upande wa chini," akasema. "Na gari lako ni la zamani kidogo, kabla hawajabadilisha injini. Subiri." Akaingia stoo, akarudi na kipya mkononi. Dereva akapiga mluzi. "Kumbe huyu ndiye mama wa spea zote!" Jina likanasa, halikubanduka tena.

Alikuwa akifanya kazi kwa wakala wa magari ya Kijerumani. Mbele kulikuwa na ukumbi wa vioo, sakafu imeng'arishwa mpaka mtu anajiona kidevu, na magari mapya yamesimama kwa mapozi kama yanasubiri kupigwa picha. Nyuma ya ukumbi ulipita ujia mwembamba wenye harufu ya raba mpya, na mwisho wake ndipo lilipokuwa dirisha la Mama Spea. Nyuma yake stoo ya rafu za chuma hadi darini, na nyuma ya stoo karakana, kelele za nyundo na redio mchana kutwa.

Jina la kampuni iliyoyaunda magari hayo halikuhitaji kupigiwa debe. Mlango wa gari lake ukiufunga haulii kama sufuria, unasema *dufu* mara moja na kunyamaza. Fundi seremala akitaka kusifia kabati lake husema ameligonga Kijerumani. Kijana akienda kujitambulisha ukweni na gari hilo, hata kama ni la kuazima, baba mkwe hupunguza maswali. Kuna mzee mmoja aliyekuwa na gari la miaka arobaini, akaja kuagiza kitasa cha mlango wa nyuma. Wiki ya sita kitasa kikafika, kimeviringishwa kwenye karatasi ya mafuta kama mkate. Mzee alikishika kwa mikono miwili, akasema, "Hata mimi mwenyewe spea zangu hazipatikani tena, lakini za gari hili zipo."

Mama Spea alizijua namba za vipuri kwa kichwa. Kompyuta zilipoletwa, vijana wa kaunta waliandika, wakasubiri, wakaandika tena. Yeye alikuwa ameshaita namba zote kumi na kuinuka. Hakujisifu kwa hilo. Wengine hukumbuka nyimbo, yeye alikumbuka namba.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno mengi, na popote alipokwenda alijitambulisha kama Baba Spea. Yeye mwenyewe aliendesha gari dogo la mizigo la Kijapani, limeliwa kutu ubavuni, na hakukosa la kusema juu ya magari ya mkewe. "Hilo gari lenu ni kama bwana mkubwa," alikuwa akisema. "Likikohoa tu linataka daktari kutoka ng'ambo. Langu likiumwa nalipiga teke, linapona." Kwa miaka ishirini na sita waliishi hivyo, wawili tu mezani, utani wao ukiwa ndio mtoto wao.

Alikufa Jumapili, saa saba mchana. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani na kikombe cha chai juu ya paja, na mkewe akipita na nguo za kuanika alimwona ameinamisha kichwa. Akadhani amesinzia. Akakitoa kile kikombe polepole asije akamwaga, akakiosha, akakipangusa, akakitundika. Kisha akaenda uani kuanika mashati, moja moja, akiyakung'uta. Aliporudi kumwita mezani ilikuwa imepita robo saa au zaidi. Alimgusa bega, bega halikumjibu.

Daktari alisema ni moyo. Akaongeza kuwa hata angeita msaada papo hapo isingesaidia kitu. Mama Spea aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa kwamba kifaa fulani hakiletwi tena.

Watu walijaa nyumbani. Alionyesha viti vilipo, alimwonyesha mwenye kuuliza mahali pa kunawia, aliwakumbusha majirani kufunga bomba la uani. Hakulia. Wakati wa maziko mdogo wake, fundi cherehani, alimshika kiuno tayari kumzuia asianguke, na mikono ikamchoka bure, kwani dada mtu alisimama wima kama nguzo. Wenye nia njema walisema amepewa moyo wa subira. Wengine walisema mengine, kwa sauti ya chini ambayo huwa inasikika.

Yeye mwenyewe hakuona kama anavumilia lolote. Umewahi kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi, ukaugusa ukaona ni wako lakini haukuambii kitu? Ndivyo alivyokuwa, mwili mzima. Siku ya tano alirudi kazini. Hakukosea namba hata moja. Hilo ndilo lililomtisha mdogo wake kuliko yote.

Sasa, miezi mitatu kabla ya msiba, kampuni ilikuwa imewatahini makarani wote wa vipuri wa mawakala wake, nchi hii na nyingine, na Mama Spea akashika nafasi ya kwanza. Zawadi yake ilikuwa wiki mbili huko Ujerumani, makao makuu, kuona kiwanda. Mumewe alipozisikia habari hizo alicheza sebuleni na taulo begani. Kesho yake akarudi na koti zito la mtumba, refu kupita magoti. "Ukifika," akamwambia, "mwambie Mjerumani gari lake linanyonya mafuta kama ndama." Kisha akafa, na tarehe ya safari ikabaki palepale ilipokuwa.

"Dada, nenda," mdogo wake alimwambia. "Ukae hapa ufanye nini? Uangalie ukuta?"

"Nikienda nitafanya nini?"

"Utaangalia ukuta mwingine."

Alikwenda kwa sababu hakuona sababu ya kutokwenda.

Kiwanda kilikuwa kikubwa kama mji. Wageni walikuwa kumi na wanane, kila mmoja na kofia ya plastiki na jina kifuani. Walionyeshwa mikono ya chuma ikiunganisha milango bila mtu kuigusa, cheche zikiruka, na sakafu safi kuliko ya hospitali. Wenzake walipiga picha mpaka simu zikazima. Mama Spea aliviona vipuri alivyoviuza maisha yake yote vikiwa bado vinatoka moto kwenye mashine, na moyoni akasema, haya, ndipo vinapotoka. Basi.

Siku ya nne walipelekwa kwenye jumba la kumbukumbu la kampuni. Kijana mwenye suti ya kijivu na sauti laini aliwatembeza. Aliwaeleza kwamba kampuni ilianzishwa na ndugu wawili kwenye banda la nyuma ya nyumba yao, na wala hawakuanza na magari. Walianza na pampu za maji. Pampu ya kwanza ilikuwepo, nyuma ya kioo, nyeusi, ina mpini kama wa kinu.

Kumbe mafundi bomba! Mama Spea aligeuka upande wake wa kulia, mdomo umeshafunguka, amwambie mumewe. Aliyekuwa upande wa kulia ni karani mmoja mwanamume kutoka nchi nyingine, naye akamtabasamia kwa adabu. Akaufunga mdomo. Akasubiri kidogo aone kama kitamjia kitu, uchungu au chozi. Hakikuja. Wakaendelea mbele.

Waliliona gari la kwanza, lenye taa kama za karabai. Waliyaona magari ya mashindano na vikombe vyake. Kisha kijana wa suti akaruka kutoka miaka ya thelathini hadi miaka ya hamsini kwa sentensi moja: "Halafu ikaja vita, na baada ya vita kampuni ikasimama upya." Akatangaza mapumziko ya robo saa. Mama Spea akauliza choo, akaelekezwa ujia wa kushoto.

Ujia huo ulikuwa na ukuta wa kioo tangu chini hadi juu, na kioo chote kilikuwa majina. Herufi ndogondogo, safu kwa safu. Katikati kulikuwa na meza yenye kadi za kale chini ya taa, na maelezo yake kwa lugha kadhaa. Kiingereza cha Mama Spea kilikuwa cha vitabu vya vipuri, lakini maelezo yenyewe hayakuwa magumu. Wakati wa vita kiwanda hakikutengeneza magari ya watu, kilitengeneza injini za ndege. Waliozitengeneza, maelfu kwa maelfu, hawakuja kuomba kazi. Walikamatwa katika nchi zilizotekwa, wengine shambani, wengine njiani wakitoka shule, wakasombwa kwa mabehewa; wengine walitolewa kwenye kambi za wafungwa. Walishonewa kitambaa kifuani ili wajulikane. Waliugua, walipigwa, wengi walikufa. Kampuni ilinyamaza miaka mingi, kisha ikauweka ukuta huu.

Akasogea kwenye kadi. Zilikuwa na safu wima: namba, jina, umri, mashine, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, sababu ya kutoka. Alizisoma kama anavyosoma kadi za stoo, kutoka kushoto kwenda kulia. *Amehamishwa. Mgonjwa. Amekufa. Amekufa.* Kadi moja ilikuwa na picha. Msichana, nywele zimekatwa vibaya, ameshika kibao cha namba chini ya kidevu. Nne, sifuri, saba, moja, nane. Miaka kumi na saba. Mashine ya kutoboa. Ameingia mwezi wa pili. Tarehe ya kutoka, hakuna. Sababu, hakuna.

Mama Spea alisimama pale. Choo alikisahau. Haikuwa huzuni, asitake mtu kumsingizia; hakuwa na huzuni hata ya kuazima. Ilikuwa tu kwamba kadi haijajazwa, na yeye hajawahi kuiacha kadi ya namna hiyo akaenda zake.

Mlinzi wa jumba, mama mnene mwenye mafungu ya funguo kiunoni, alimletea kiti.

"Kaa, mama," alimwambia kwa Kiingereza cha kuokoteza kama chake. "Nusu saa sasa umesimama."

"Huyu alikwenda wapi?"

Mlinzi akainama, akaitazama kadi. "Sijui. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Watu hawasomi?"

"Wengi hupita hapa wanatafuta choo."

Basi la wageni lilikuwa limeshawashwa walipokuja kumchukua.

Aliporudi nyumbani walimpokea kazini kwa makofi. Meneja, mtu mwembamba mwenye haraka ya kudumu, akaona bahati imejileta. Jumamosi ya pili yake ilikuwa siku ya kuzindua gari jipya, wateja wakubwa wamealikwa, madaktari, wakandarasi, mawakili. "Mama," akamwambia, "utatusimulia dakika tano. Historia ya kampuni, kiwanda, ulichokiona. Wewe ni wa ndani, watakuamini kuliko sisi."

"Nisimulie nilichokiona?"

"Ulichokiona. Kwa maneno yako."

Jumamosi asubuhi ukumbi ulijaa kama watu sitini. Gari jipya lilikuwa limefunikwa shuka la hariri. Mshereheshaji alikuwa muuzaji mkuu, ambaye wenzake walimwita Tai. Wengine walisema ni kwa sababu hakuivua tai hata akiwa anakula, wengine walisema ni kwa jinsi anavyomwona mteja kutoka mbali na kumshukia. Tai akamkaribisha Mama Spea kwa mbwembwe, akampa kipaza sauti.

Alisimulia kwa sauti ileile ya dirishani. Alipofika kwenye pampu za maji watu walicheka, wakafurahi. Aliwaeleza mikono ya chuma na sakafu safi, wakaitikia kwa vichwa. Kisha akaendelea.

"Wakati wa vita magari ya watu hayakutengenezwa. Zilitengenezwa injini za ndege. Waliozitengeneza wengi waliletwa kwa nguvu, na wengi walikufa palepale. Majina yao yako ukutani, kwenye ujia wa kwenda chooni. Sikuyamaliza, basi lilikuwa linaondoka. Mmoja alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, namba nne, sifuri, saba, moja, nane, mashine ya kutoboa. Hawakuandika alitoka lini. Baada ya vita kiwanda kilijengwa upya. Gari la kwanza lilikuwa la rangi ya kijivu. Baadhi ya vipuri vyake bado vinapatikana. Asanteni."

Mtu mmoja alianza kupiga makofi, akajiona yuko peke yake, akaacha. Tai akarukia kipaza sauti, akavuta shuka la hariri kabla ya wakati wake, na muziki ukafunguliwa.

Meneja alimwita ofisini saa ileile.

"Mama, mimi sikatai kwamba ni kweli."

"Ndiyo."

"Lakini watu wamekuja kununua gari, hawakuja msibani."

"Uliniambia nisimulie nilichokiona."

"Ukweli una mahali pake, mama!"

"Nimepaona mahali pake," akasema. "Ni njia ya chooni."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayetaja rafu. Meneja akajifuta uso kwa kiganja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa. Akasema labda mama amechoka, msiba bado mbichi, labda dirishani pana watu wengi mno. Jumatatu Mama Spea akahamishiwa stoo ya nyuma kabisa, kuhesabu na kupanga vipuri vya magari yaliyokwisha kuacha kutengenezwa. Vijana wa kaunta walimbebea sanduku lake hadi huko, wakiona haya kuliko yeye. Yeye alikuwa ameshaanza kusoma vibandiko.

Huko stoo kulikuwa na taa moja ndefu na dirisha dogo la juu. Alikaa majuma, kisha miezi. Mdogo wake alikuja Ijumaa moja, akakaa juu ya boksi la radieta akiwa na mkoba wake mapajani.

"Dada, nimeambiwa uliwasimulia watu habari za wafu wa Ulaya."

"Niliombwa."

"Unawabeba watu usiowajua, na shemeji hujamlilia hata tone."

"Sijawalilia hata hao."

Mdogo wake alikuwa amekuja kugombana, lakini ugomvi unahitaji watu wawili. Akafungua mkoba, akatoa gauni alilomshonea, jeusi lenye mfuko mkubwa mbele. "Nimekuwekea mfuko wa kalamu," akasema. Akaondoka.

Mambo ya duniani hayaendi kama mtu anavyodhani. Ile Jumamosi ambayo Meneja aliihesabu kuwa imeharibika, magari matano yaliagizwa, zaidi ya walivyotarajia. Daktari mmoja wa meno alisema waziwazi, huku akitia sahihi, kwamba kampuni inayoyatundika makosa yake ukutani haiwezi kumficha mteja jambo. Tai hakuliacha neno hilo lianguke chini. Akaliokota, akalisugua, akalitia mfukoni.

Siku moja Mama Spea alikuwa akipita nyuma ya ukumbi na kasha la vichungi. Akamsikia Tai akimwambia mteja, sauti imejaa unyenyekevu: "Hawa Wajerumani ni watu wakweli, mzee. Hata enzi zile za vita, mateso yale, watoto wa miaka kumi na saba, hawakuficha. Wameandika yote. Ukinunua gari hapa unanunua uaminifu." Mteja akaitikia, akiupapasa usukani.

Mama Spea akaweka kasha chini. Akangoja mpaka mteja ametoka.

"Namba yake?" akauliza.

Tai akageuka na tabasamu la kazini. "Namba ya nini, mama?"

"Ya mtoto wa miaka kumi na saba. Unamsema kila siku. Namba yake ngapi?"

"Aa, mama, mimi natoa mfano tu."

"Usimuuzie mtu gari kwa yule mtoto."

"Lakini si wewe mwenyewe uliye..."

"Mimi sikuuza kitu!"

Sauti ilipanda. Wote wawili waliisikia ikigonga vioo na kurudi. Tai akarudi nyuma hatua moja, akaishika tai yake kana kwamba itamwokoa. Mama Spea akaitazama mikono yake. Viganja vilikuwa vya moto. Hakuelewa. Akaokota kasha lake, akarudi stoo, akakaa juu ya boksi mpaka viganja vikapoa. Tai hakumtaja tena yule msichana, angalau si pale ambapo mtu wa stoo angeweza kusikia.

Wiki hiyohiyo Mama Spea aliandika barua kwa jumba la kumbukumbu. Aliiandika kama anavyoagiza kifaa: namba, jina kama lilivyosomeka, umri, mashine, tarehe ya kuingia. Chini akaandika, *Tafadhali nijulisheni kilichojazwa kwenye safu mbili za mwisho.* Hakueleza yeye ni nani wala kwa nini anataka kujua.

Jibu lilichukua miezi mitano. Barua ilikuwa fupi, imetiwa sahihi na mtunza nyaraka. Waliandika kuwa wametafuta. Jina lile lilionekana kwenye orodha nyingine, iliyoandikwa na majeshi yaliyofika pale vita ilipokwisha: mwanamke wa miaka kumi na tisa, mapafu yanauma, amepewa nafasi kwenye treni ya kurudi kwao. Baada ya hapo hawana habari zaidi. Kadi ya kwenye meza itaongezewa maelezo hayo. Wanamshukuru kwa kuuliza.

Aliisoma wakati wa chai, akaisoma tena. Jioni akapitia kwa mdogo wake, akamsomea akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kushonea.

"Kwa hiyo alitoka mzima," mdogo wake akasema, mguu umesimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Alitoka mapafu yanauma."

"Lakini alitoka. Sasa umefurahi?"

Alifikiri kwa kweli, kwani lilikuwa swali la haki. "Sijui. Nimejua tu."

"Haya. Kaa basi ule."

Akakaa akala. Mdogo wake aliona kuwa amemaliza sahani, jambo ambalo hakuliona mwaka mzima. Akamwongezea.

Baada ya miezi kadhaa Meneja alimwomba arudi dirishani, kwani wateja wa zamani walikuwa wakilalamika. Akakataa kwa adabu, akasema huko nyuma kazi haijaisha. Meneja akashukuru, na kusema kweli alionekana kupumua. Kwa hiyo wateja wenye magari ya kale wakajifunza kuzunguka jengo na kugonga mlango wa stoo, na yeye akawafungulia.

Mwaka huo ndipo kitambulisho chake kilipokwisha muda. Alikwenda ofisi ya vitambulisho asubuhi, akapanga foleni, akafika kwa karani, mwanamke wa makamo nyuma ya kioo chenye tundu. Karani hakuinua macho. Aliuliza jina, akaandika. Tarehe ya kuzaliwa, akaandika. Kazi, akaandika.

"Hali ya ndoa?"

"Nimeolewa."

Akaandika, akagonga muhuri, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Mama Spea akatoka. Alifika getini, akampita mlinzi, akapita kona ya pili, kisha akasimama. Watu wakampita huku na huku. Akarudi, akaenda mwisho wa foleni, akasimama upya nyuma ya watu thelathini, jua likipanda. Hakumwomba mtu nafasi.

Alipofika tena kiooni karani alimkumbuka. "Mama, si nimekwambia wiki mbili?"

"Kuna kosa kwenye fomu."

"Lipi?"

"Uliuliza hali ya ndoa." Akaacha. Akajaribu tena. "Mume wangu..." Sauti ikakatika. Akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, na machozi yakaanza kumtoka bila mlio, mengi, yakidondokea kwenye karatasi za watu. Miguu ikawa inamchoma tangu nyayo hadi magotini. Nyuma yake mtu alianza kunung'unika kuhusu foleni, mwingine akamnyamazisha.

Karani akaweka kalamu chini. Hakusema "jikaze", hakusema "ndiyo dunia". Alizungusha kibao cha dirishani kilichoandikwa *Imefungwa*, akasubiri. Alisubiri kwa muda ambao hakuna karani anayepewa.

"Mwaka gani, mama?" akauliza mwishowe, taratibu.

"Mwaka juzi. Jumapili."

"Siku haiandikwi."

"Ilikuwa Jumapili," Mama Spea akasema.

Karani akaichukua kalamu, akakata neno moja, akaandika jingine juu yake. Kisha, pembeni, mahali ambapo hapana safu yoyote, akaandika siku.